Kura Elfu Ishirini na Mbili

Kampeni za 2022 zilikuwa zimepamba moto. Alasiri moja nilikuwa nimekaa Mkunguni, mjini Lamu, mbele ya Ngome, kwenye baraza ambayo jua la baada ya saa tisa haliifikii, nangoja kahawa. Wakapita punda wawili wamebebeshwa vipaza sauti, na nyuma yao vijana kumi na kitu wenye fulana za rangi moja. Aliyeshika maikrofoni alikuwa na sauti nzuri, sikatai, na maneno alikuwa nayo. Alianza na bandari mpya ya Kililana: wavuvi waliopoteza maeneo yao ya kuvua, mikoko iliyokatwa, ajira zilizoahidiwa zisionekane. Wazee waliokuwa barazani wakawa wanaitikia kwa vichwa. Angetua hapo, angekuwa ameshavuna. Hakutua. Akapanda, akasema kila aliyekwenda kufanya kibarua kule Kililana ameiuza Lamu, nyumba yake inapikiwa haramu, na siku tukishinda majina yao yatasomwa hadharani.

Kando yangu alikuwa amekaa mzee mmoja mvuvi, vidole vimechanjwachanjwa na mishipi ya miaka arubaini. Mpaka hapo naye alikuwa anaitikia. Akaacha. Mwanawe kitinda mimba ni mlinzi wa zamu ya usiku bandarini, na mshahara huo ndio unaolipa deni la injini ya boti ya baba mtu. Mzee aliweka kikombe chini, kahawa haijafika nusu, akasema "Masalkheri," akashika njia ya Langoni.

Sikumuuliza baadaye alimpigia nani. Ila najua asubuhi ya siku ile alikuwa na mgombea wake, maana alinipigia debe la mtu huyo tangu gatini mpaka sokoni, nikachoka. Na mgombea huyo ndiye aliyekuwa usoni mwa fulana za wale vijana. Uchaguzi ulipokwisha alikuwa ameanguka.

Haikuwa kazi ya mzee mmoja aliyeacha kahawa. Lakini tuelewane kuhusu ukubwa wa debe letu. Kaunti ya Lamu mwaka 2022 ilikuwa na wapiga kura elfu themanini na moja na kitu, wachache kuliko kaunti yoyote nyingine kati ya zote 47. Wadi ni kumi. Mwaka 2017 Fahim Twaha alimshinda Issa Timamy katika ugavana kwa mwanya mdogo hata mambo yakaishia kortini. Miaka mitano baadaye Timamy akarudi. Mahali kama hapa mgombea makini anahesabu nyumba, na ndani ya nyumba anahesabu vyumba. Ukimtukana mlinzi wa bandarini hujapoteza mlinzi peke yake. Umepoteza baba, mama, mke, shemeji wawili, na yule binti aliyemaliza shule majuzi ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kushika wino.

Tumezoea kuamini kwamba mwanaharakati mkali huwatisha wapinzani. Mimi nimekaa na wapinzani wa watu mbalimbali kwenye mabaraza mbalimbali, na sijaona aliyetishika. Niliowaona walikuwa wanacheka, wengine wanarekodi. Wanaotishika ni wa upande wake mwenyewe: wale vuguvugu, wanaokubaliana naye katika mambo saba kati ya kumi, ambao wangempigia kura mtu wake bila kelele wala fulana. Hao hawabishani naye. Wanaondoka wakisema masalkheri.

Mfano mkubwa kuliko wote tulionao huku kwetu ni wa 2013, na nitakaa nao kidogo, kwa sababu watu wa Pwani hatupendi kuuzungumza. Wengi wetu tuliimba.

Wimbo wenyewe ulikuwa "Pwani si Kenya." Wenye wimbo ni Mombasa Republican Council, MRC, kundi lililokuwepo tangu mwisho wa miaka ya tisini, likapigwa marufuku 2010, kisha Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli tupu. Ardhi. Watu wamezaliwa, wamezika babu zao, wamepanda minazi, na hati hawana. Wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya wazee wao. Nenda Malindi, nenda Magarini, nenda Kwale, kila kijiji kina faili lake. Hakuna mtu mwenye akili aliyesema hawa wanazua.

Lakini dawa waliyoiandika ilikuwa hii: tusipige kura. Kupiga kura, walisema, ni kukubali kwamba sisi ni Kenya. Mwaka mzima kabla ya uchaguzi wa 4 Machi 2013 ndiyo ilikuwa hotuba yao, kutoka Likoni mpaka vijiji vya Kilifi. Usiku wa kuamkia siku ya kura polisi na watu wengine wakauawa Mombasa na Kilifi. Serikali ikawanyooshea kidole MRC, MRC wakakana. Vyovyote iwavyo, asubuhi ile mama wa Chumani au Mtwapa aliyekuwa na kadi mkobani alikuwa na sababu mbili za kubaki nyumbani: moja ya wimbo, moja ya woga.

Sasa chukua kalamu. Kenya nzima zilipigwa kura 12,330,028, zilizoharibika zikiwemo. Uhuru Kenyatta alipata 6,173,433. Tume ikatangaza asilimia 50.07, kwa hiyo hakuna duru ya pili. Nusu ya kura zote ni 6,165,014. Alivuka mstari kwa kura 8,400 hivi, nchi nzima, kutoka Vanga mpaka Mandera.

Wakati huo taifa lilipiga kura kwa asilimia 86. Kilifi na Mombasa zilipiga kwa theluthi mbili au pungufu kidogo, miongoni mwa kaunti zilizojitokeza kwa uchache zaidi Kenya nzima. Na waliojitokeza kule, wengi mno walimpigia Raila Odinga. Tuseme Kilifi ingetoa watu zaidi, na tumwachie Uhuru kura moja katika kila nane za watu hao. Ni wangapi wangetosha kumshusha chini ya nusu? Nimeipiga hesabu hii mara kadhaa, hata mara moja kwa chaki juu ya sakafu ya baraza: kama elfu ishirini na mbili. Kati ya watu zaidi ya laki tatu waliojiandikisha Kilifi peke yake.

Msomaji wa sheria atanikamata hapa, na ana haki. Mahakama ya Juu ilisema baadaye kura zilizoharibika hazistahili kuingizwa katika hesabu ya asilimia, na kwa kipimo hicho mwanya unakuwa mpana: badala ya elfu ishirini na mbili zinahitajika zaidi ya laki moja na nusu. Sawa. Lakini tazama pengo lenyewe. Mombasa na Kilifi kwa pamoja zilikuwa na waliojiandikisha zaidi ya laki saba. Kama zingepiga kura kwa kiwango cha taifa, watu wa ziada kwenye foleni wangekaribia laki moja na nusu. Kwa kaunti mbili tu. Kwale, Tana River na Lamu sijaziweka.

Sidai kwamba kila aliyebaki nyumbani aliambiwa abaki na MRC. Kuna ambao hawakuwa na vitambulisho, kuna waliokuwa baharini, kuna waliokuwa wamechoka na ahadi tangu enzi za baba zao, na Pwani tumekuwa wazito wa kwenda kupiga kura hata pasipo MRC. Wala duru ya pili si ushindi. Raila angeweza kushindwa tena wiki chache baadaye. Ninachosema ni kwamba kundi lililobeba uchungu wa ardhi ya Pwani kuliko kundi lolote lilitumia nguvu zake zote kuwashawishi wenye uchungu huo wasiingie kwenye chumba pekee ambamo wangehesabiwa. Na lilifanya hivyo katika mwaka ambao kila mia moja ilikuwa na bei.

Nikiwaambia hivi wenzangu waliokuwa karibu na jambo lile, jibu ni moja: sisi hatukuwa na upande, Raila na Uhuru kwetu ni pipa na mfuniko. Naliheshimu jibu hilo, lakini silikubali. Waliokaa nyumbani walikuwa na upande. Uliza mtu yeyote aliyekuwepo. Agosti mwaka ule ule Rais mpya akaja Pwani kuanza kugawa hati za ardhi kwa maelfu, watu wakapanga foleni kwenye jua, wengine wakiwa ndio waliokuwa wakiimba. Kelele za MRC zilifanya kazi, basi. Zilimfanya kila mwanasiasa aitaje ardhi ya Pwani. Ila aliyevuna sifa ya kugawa ni yule ambaye wimbo ulimsaidia kupita.

Haya si mambo ya Pwani tu, na si ya Kenya tu. Mtafiti wa Marekani, Andrew Hall, alichunguza mchujo wa wagombea wa Baraza la Wawakilishi la kwao tangu 1980 hadi 2010. Alitafuta michujo ambayo mgombea mwenye msimamo mkali na mwenzake wa wastani walikaribiana mno, mmoja akapita kwa kura za kuokoteza, kama vile imerushwa sarafu. Kisha akatazama yaliyofuata katika uchaguzi wenyewe. Mkali alipopita mchujo, chama chake kilipoteza kwa wastani pointi 9 hadi 13 za asilimia. Miaka mitatu baada ya hapo, yeye na mwenzake Daniel Thompson wakauliza kura hizo zinapotelea wapi. Walikuta kwamba sehemu kubwa ya madhara ni kuwaamsha wa upande wa pili. Mkali anaahidi kuwatoa wafuasi wake nyumbani. Wanaotoka kwa wingi ni wafuasi wa mwenzake.

Hilo la mwisho nililiona kwa macho yangu bila takwimu yoyote, na kwetu sisi mambo hayagawanyiki kwa kushoto na kulia kama kwa Wamarekani. Mstari wetu ni mwingine. Ni mwenyeji na mgeni.

Nieleze kwa asiyejua Lamu. Kisiwa kina historia, kina ngome, kina majumba ya mawe yaliyotuingiza katika orodha ya UNESCO mwaka 2001. Lakini wadi saba kati ya kumi ziko Lamu Magharibi, na nyingi katika hizo zimekaa bara: Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Bahari, Witu. Tangu skimu ya makazi ya Mpeketoni miaka ya sabini, huko wanaishi Wakikuyu, Wagiriama na wengine pamoja na wenyeji wa zamani. Watoto wao wamezaliwa huko, sasa wana wajukuu. Hakuna gavana anayepatikana kwa kura za kisiwani peke yake, na hakuna anayepatikana kwa za bara peke yake. Na tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya sitini waliuawa na al-Shabaab ikajitangaza kuhusika, neno "mgeni" Lamu si neno la kutaniana.

Basi katika mkutano mmoja wa jioni, mtaani kwetu, mwanaharakati mmoja wa upande niliokuwa nauunga mkono alisimama na kusema wageni waanze kufunga mizigo. Mgombea hakuwepo. Hakutumwa kusema hivyo. Pengine hata yeye mwenyewe hakukusudia zaidi ya kupigiwa makofi, na alipigiwa. Sekunde arubaini, mtu ameshika simu. Nilikuwa na safari ya bara usiku ule, nikapanda boti ya kwenda Mokowe, mwendo wa kama robo saa. Tulipofunga gatini, mwenye bodaboda aliyenipokea alikuwa ameshaisikia ile sauti kwenye kundi lao la WhatsApp. Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza, "Mzee, ni kweli mmesema tuondoke?"

Ile "mmesema" ndiyo iliyoniumiza. Mimi, mgombea, yule kijana, na kila aliyewahi kuvaa fulana ile, tulikuwa tumeshakuwa mtu mmoja. Hivyo ndivyo sauti ya mkali inavyofanya kazi: haibebi jina lake, inabeba jina la upande. Mpinzani wetu hakuhitaji kuandika hotuba tena. Alikuwa anafika Hongwe au Witu, anacheza zile sekunde arubaini kwenye spika ya gari, halafu anashuka kusalimia watu kwa upole.

Pwani tuna tabia ya kushuku kwamba mtu mkali kupita kiasi amelipwa na upande wa pili. Kila kampeni hulisikia, na kila kampeni kuna jina. Mimi sinunui habari hiyo. Mpinzani atalipaje kitu anachopewa bure?

Mgombea wetu naye alifanya walifanyalo wagombea wengi: alinyamaza. Alinieleza kwa nini, tukiwa wawili, na sababu yake haikuwa ya kijinga. Yule kijana ndiye anayebandika mabango saa nane za usiku. Ndiye anayelala kituoni kulinda masanduku. Nikimkemea hadharani, nitabaki na nani, wazee wanaonitakia heri kwenye simu? Nilimwelewa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini ni rahisi kuutamka msemo huo kama si wewe unayemhitaji mwana kesho asubuhi.

Uingereza, chama cha Labour kilipita njia hii kwa gharama kubwa zaidi. Uchaguzi wa 1983 walipata asilimia 27.6 ya kura, na ilani yao ikabandikwa na mmoja wao, Gerald Kaufman, jina la barua ndefu kuliko zote ya mtu anayejiua. Sababu zilikuwa nyingi, vita vya Falklands vikiwemo na chama kugawanyika. Lakini mwaka 1985, kwenye mkutano mkuu wa chama mjini Bournemouth, kiongozi mpya Neil Kinnock alisimama mbele ya wakali wa chama chake mwenyewe, kundi la Militant lililokuwa linaendesha baraza la mji wa Liverpool, akawaambia wazi kuwa wamefikia hatua ya kuwagawia wafanyakazi wao wenyewe barua za kuachishwa kazi. Wengine walitoka ukumbini kwa hasira. Hakuwahi kuwa Waziri Mkuu. Chama chake kilirudi madarakani 1997, yeye akiwa ameshaondoka uongozini. Namtaja kwa sababu watu huniambia, "mkemee mkali, utashinda." Si kweli kiasi hicho. Unaweza kumkemea mkali, ukashindwa, na ukawa umefanya kazi ambayo mwingine ataivuna.

Sasa upande wa pili wa shilingi, ambao nikiuficha nitakuwa mwongo. Upole wa wazee wetu umetupa nini? Miaka hamsini ya "tusubiri, tutazungumza na wakubwa" imezalisha maskwota na chai nyingi ikulu. Kijana wa miaka ishirini na mbili akiniambia kwamba bila mtu wa kupiga kelele hakuna anayesikia, sina jibu la haraka. Na pengine sihitaji jibu, kwa sababu nadhani tunachanganya mambo mawili: ukali wa dai, na ukali kwa jirani.

Tazama makaa ya mawe. Kiwanda cha umeme cha megawati 1,050 kilipangwa kujengwa Kwasasi na kampuni ya Amu Power, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikatoa leseni Septemba 2016. Save Lamu na wenzao watano wakaipinga. Dai lao halikuwa la wastani hata kidogo. Hawakusema kijengwe kidogo, wala kijengwe mbele kidogo, wala tupeni asilimia. Walikwenda kutaka leseni ifutwe. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la taifa la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) likaifuta, na sababu mojawapo kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari, katika kesi iliyokuwa mahakamani tangu 2012. Hao nao hawakuwa watu wa kubembeleza.

Katika kesi hizo zote mbili walioshtakiwa walikuwa vyombo vya serikali na wenye miradi. Hakuwemo mlinzi wa usiku, hakuwemo kibarua wala mpishi wa kambini. Mvuvi aliyepinga makaa ya mawe angeweza kuwa na mtoto anayetafuta kazi kwenye mradi huo huo, na wote wawili wakala sahani moja, wakasaini karatasi moja. Dai lilikuwa gumu kama jiwe na mlango ulikuwa wazi. MRC dai lao lilikuwa gumu vilevile, ila walimfungia mlango hata aliyetaka kupiga kura kwa ajili ya ardhi ile ile.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani unaogusa hapa. Omar Wasow alipitia maandamano ya Wamarekani weusi ya miaka ya sitini, kaunti kwa kaunti, akayalinganisha na kura. Maandamano ya amani, hasa pale polisi walipowapiga watu waliotulia, yaliongeza kura za chama cha Democratic. Palipozuka vurugu kutoka kwa waandamanaji wenyewe, wapiga kura weupe walihamia Republican, na kwa hesabu zake huenda hilo ndilo lililompa Richard Nixon ushindi dhidi ya Hubert Humphrey mwaka 1968, uchaguzi ambao tofauti ya kura za wananchi haikufika hata asilimia moja. Dai lilikuwa lile lile, la haki ya mtu mweusi. Hakuna anayeweza kusema wale wa amani walidai kidogo.

Kwa nini basi wakali wetu hawajifunzi? Nadhani kwa sababu wanachopimia si debe. Wanapimia makofi, na makofi yanatoka kwa walio karibu, ambao tayari ni wao. Kijana akisema neno la kadiri, baraza linasinzia. Akisema neno la moto, simu zinainuliwa, na usiku anapata ujumbe hamsini wa kumsifu. Wale waliokunja uso hawamwandikii. Mzee wa kahawa hana hata simu ya aina hiyo. Kwa hiyo taarifa inayomfikia kila siku ni kwamba anashinda, mpaka saa ya kutangaza matokeo, na hapo atakwambia wameibiwa. Wakati mwingine wameibiwa kweli, hii ni Kenya. Lakini nimeona watu wakitafuta mwizi wa kura walizozifukuza wenyewe.

Majuzi nilikutana tena na yule wa maikrofoni. Amekua, ameoa, amefuga ndevu. Anajiandaa kwa Agosti 2027, safari hii na mgombea mwingine. Alinisalimia kwa adabu, akaniita ami kama alivyoniita tangu utotoni, akakaa, akaagiza kahawa mbili. Muuza kahawa akamimina kutoka kwenye dele, tukanywa. Akaniambia safari hii hawana shaka, mtaa mzima ni wao.

"Anza na nyumbani kwenu," nikamwambia. "2022 mlipiga kura wangapi?"

"Saba, ami."

"Zote saba ziliingia kwa mtu wenu?"

"Zote." Akaanza kukunja vidole: yeye, ndugu zake wawili, dada, baba, bibi. Kidole cha saba kilikuwa cha mama yake. Hicho hakukikunja mara moja.

"Mjomba wako yule wa Mokowe," nikamuuliza, "bado yuko kazini bandarini?"

"Yuko."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya ule uchaguzi." Mkono wake ulikuwa bado uko hewani. Muuza kahawa akaja kuchukua vikombe, akachukua changu, akasimama kusubiri chake.